Begi la Kumi na Mbili

Mume wangu ni mpiga picha za wanyamapori ambaye hajawahi kumwona mnyamapori. Nalisema mapema ili msije mkadhani namsengenya. Kuku wa jirani amewapiga picha, paka amempiga, na kuna mjusi mmoja wa ukutani sebuleni kwetu mwenye picha nyingi kuliko watoto wetu wawili wakiwekwa pamoja. Lakini twiga, kiboko, hata digidigi wa kusingiziwa, hajamwona. Kilichomzuia ni begi.

Kazi yake hasa ni ya eksirei. Tuko naye hospitali moja, yeye chini kwenye chumba chake cha giza, mimi ghorofa ya tatu, wodi ya wazazi. Huko chini mwenzangu ni mfalme. Mgonjwa akiambiwa simama, anasimama. Akiambiwa vuta pumzi, zuia, anazuia mpaka macho yanamtoka. Miaka ishirini na mbili hajapata kupiga picha ya kiumbe aliyekataa amri. Nadhani wanyama wanamtisha kwa sababu hiyo, ingawa ukimwambia atanuna siku mbili.

Kamera aliichukua kwa mpiga picha wa gazeti aliyestaafu, pamoja na lenzi nne, moja ndefu kama chupa ya chai, na ile stendi ya miguu mitatu. Tangu hapo akaanza kuvaa kizibao cha mifuko kumi na minne kila Jumapili, hata akiwa anakula. Akatangaza hospitali nzima, kuanzia kwa mganga mkuu hadi kwa wafua mashuka, kwamba anaingia mbugani. Mbuga yenyewe iko mwendo wa saa tano kwa basi. Watu wakampa mkono wa heri. Yeye akawaambia kila kitu kiko tayari, bado begi tu la kubebea vifaa.

Hiyo "bado begi tu" imechukua miaka mitatu.

Begi la kwanza lilikuwa na mikanda myembamba. La pili lilikuwa zuri ila zipu yake ilifunguka kwa kelele. La tatu lilikuwa na ule mfuniko wa kunatana ambao ukiuvuta unalia chrrr, naye akanituma nilifungue nyuma ya banda la kuku wa jirani huku yeye akiwatazama kwa darubini aone kama watashtuka. Walishtuka. Jirani pia alishtuka, akatoka na ufagio. La nne lilivuja. Nalijua hilo vizuri kwa sababu siku ya kulijaribu ni mimi niliyesimama chini ya bomba la bafuni nimelivaa, dakika ishirini kwa saa, yeye yuko mlangoni na daftari.

Naomba hapo mnielewe. Kila begi lililoingia nyumbani lilipimwa mgongoni kwangu. Mwenzangu alikuwa na hoja yake: mtu hawezi kulivaa begi na papo hapo akaliona linavyokaa. Lazima mmoja alivae na mwingine atazame, na mwenye ujuzi wa kutazama mifupa ndani ya nyumba ile ni yeye. Kwa hiyo mimi nilipanda ngazi za hospitali ghorofa zote nne na begi la tano limejazwa chupa za maji badala ya lenzi, yeye ananifuata nyuma anasema, "Usiiname, mke wangu, unaniharibia matokeo." Wagonjwa wakawa wanatuuliza kama ni mazoezi ya moto.

Mabegi yaliyofeli hayakutupwa. Moja lina vitunguu, moja lina nguo za kupigwa pasi, moja wanangu walikwenda nalo shule ya bweni. Kazini wanamwita Profesa Begi, naye anadhani ni heshima.

Mngeweza kusema, sasa wewe mama kinakuuma nini? Mwache na mabegi yake. Kinachoniuma ni likizo. Sheria ya kwetu kazini ni kwamba siku usizozichukua kufikia mwisho wa mwezi wa tatu zinakufa. Mwaka juzi zilinifia siku kumi zikingoja begi la saba. Mwaka jana zikanifia nane. Mwaka huu nilibaki na siku saba, na katika hizo aliniahidi nne za kwenda mbugani. Nami nilizitaka kwa roho yangu yote. Nimepokea watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa, na siku niliyosikia kwamba kiboko anazaa ndani ya maji, kisha mtoto anapanda mgongoni kwa mama yake kupumzika, niliapa sitastaafu kabla sijaona. Lenzi sina shida nazo. Nilitaka kumwona huyo mama.

Wiki tatu kabla ya siku zangu kuisha, begi la kumi na moja nalo likafeli, safari hii kwa kosa la kuwa na mfuko mmoja zaidi ya vitu vilivyopo. Mwenzangu akakata shauri kwamba la kumi na mbili litashonwa. Tukaenda kwa fundi wa mabegi nyuma ya soko, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, chumba chake kimejaa turubai na sponji hata pa kukanyaga hakuna.

Mume wangu akatandaza karatasi nne juu ya cherehani. Alikuwa amechora begi limekatwa katikati, utumbo wote nje, kila lenzi na kitanda chake. Akaanza kueleza. Alieleza mwelekeo wa zipu, unene wa sponji, rangi ya majani makavu saa tisa alasiri. Mimi nimesimama pembeni na begi la kumi na moja mgongoni, vifaa vyote ndani, kwa sababu alitaka fundi aone mfano.

Fundi alisikiliza kidogo, akavuta utepe wake shingoni, akanyanyuka. Mume wangu akajiweka sawa, akatanua mikono apimwe. Yule mama akampita kama anavyopita meza. Akaja nyuma yangu, akanitua begi, akaanza kunipima: kutoka shingoni hadi kiunoni, bega hadi bega, halafu kifua.

"Mama, samahani," mume wangu akasema. "Begi ni langu mimi."

"Nimesikia. Atakayebeba nani?"

"Mimi."

"Baba, mmeingia hapa kitambo," fundi akasema, mdomo umeshika pini. "Mwenzio kasimama na mzigo muda wote huo. Wewe umebeba karatasi. Mimi napima mgongo wenye mzigo."

Nikatazama chini. Nilijua sasa ataona haya, nikawahi kumwonea huruma. Kumbe nilijisumbua bure. Mume wangu alitulia, akatafakari, kisha uso ukamchanua.

"Ni kweli kabisa!" akasema. "Ndiyo maana yale kumi na moja yalikataa! Tulikuwa na vipimo vya mgongo siyo!" Akachukua kalamu akaandika. "Mpiga picha anatakiwa mikono iwe huru. Wakubwa wote wana msaidizi. Mke wangu, mbona hukunishauri?"

Kuna hasira zinazopanda na kuna hasira zinazokaa kitako. Ya kwangu ilikaa. Fundi alinitazama juu ya miwani kwa muda, halafu akaniuliza, "Na wewe, dada, mle ndani utaweka nini?"

Mabegi kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafikiri, nikasema: kanga mbili, ndala, chupa ya chai, mafuta ya kuchua, kitabu.

"Havimo kwenye orodha," mume wangu akasema.

"Nitaviwekea nafasi," fundi akajibu, akarudi kwenye cherehani.

Begi lilikuwa tayari kabla ya likizo yangu kuanza. Mabegi nayajua sasa, hakuna asiyejua ninavyoyajua, lakini lile nilipolivaa nilisahau kwamba nimelivaa. Mume wangu akalizunguka, akalivuta, akalinusa. Akalipeleka dirishani. Akalirudisha ndani. Akalipeleka tena dirishani.

"Rangi," akasema.

"Imefanya nini?"

"Imekolea. Kidogo sana, lakini mnyama anaona. Tulirudishe lichovywe. Wiki moja tu, mke wangu."

"Likizo yangu inaanza kesho."

"Waombe wakusogezee."

Sikubishana naye. Asubuhi nilipoamka nilikunja kizibao chake cha mifuko kumi na minne, nikakiweka kwenye meza ya chakula, na juu yake nikapanga kamera, lenzi nne kwa urefu wake, na ile miguu mitatu. Nilivipanga vizuri, maana sikutaka aseme nimeviharibu. Kisha nikajaza begi vitu vyangu, vikaingia vyote, na nafasi ikabaki. Alinikuta mlangoni navaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa viboko."

"Bila kamera?" Alishtuka kwelikweli, kama nimemwambia nakwenda bila kichwa. "Sasa utawaonaje?"

Nilimwambia nitawatazama. Alinifuata hadi getini, miguu mitupu, pajama imepanda mguu mmoja. Nilidhani atanisihi nisiende, au atasema subiri nivae. Alichosema ni, "Usilinyanyue kwa mkanda wa juu, utafumuka!"

Nililia kidogo kwenye basi, sitaki kudanganya. Abiria wa pembeni akanipa karanga, nikala, nikanyamaza.

Saa kumi jioni mwongoza wageni alitupeleka mtoni, tukakaa kwenye benchi la mbao juu ya ukingo. Mwanzoni niliona mawe. Halafu mawe yakapiga chafya. Walikuwa kumi na kitu, wamejilaza bila haraka yoyote, masikio yanatikisika. Na mmoja akainuka kidogo majini, na juu ya mgongo wake palikuwa na kitoto kimejibweteka, kinang'aa, kimelala hakina habari na mtu. Yule mama hakugeuka hata kukitazama. Alikuwa amesimama tu, amechoka, nami nikamjua kabisa.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Umewaona?"

"Nimewaona. Yupo mmoja ana mtoto, kampanda mgongoni."

Nikangoja aniulize jua liko upande gani, au umbali ni mita ngapi, ili apate kusema lenzi ipi ingefaa. Alikohoa.

"Na hilo begi," akasema. "Mabega hayakuumi?"

Ndoa yetu ina miaka kumi na tisa. Ningecheka, kwa sababu nusu ya swali lile ilikuwa utafiti, namjua, na daftari lilikuwa limefunguliwa mbele yake. Lakini niliushika mkanda wa begi begani. Nikamwambia leo hayaumi. Nikamwambia la kushoto, hata hivyo, linaniuma tangu begi la tano, tangu zile ngazi, na kwamba mafuta ya kuchua aliyoyakataa kwenye orodha yake ni ya bega hilo.

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. Halafu mume wangu, Profesa wa mabegi kumi na mawili, akaniuliza kwa sauti ndogo basi la kuja huko linaondoka saa ngapi.

Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba achukue kamera na lenzi moja tu, aivae shingoni mwake mwenyewe.