Fimbo ya Mkono Mmoja

Nilikuwa karani wa stoo ya reli pale Voi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kazi hiyo ilinitia jeuri moja ambayo sijaiacha hadi leo: nikishika kitu mkononi, najua kama kitadumu. Koleo, taa, kufuli, spana, vyote vilipita kwangu. Fundi akipewa kitu kibovu alijua siku hiyo mimi sikuwapo. Kwa hivyo niliposikia kwamba meneja mzungu wa shamba la mkonge anarudi kwao na anauza vitu vyake vyote, pamoja na fimbo zake za kuvulia samaki, sikumwuliza mtu ushauri. Nilijifunga leso nikaenda.

Sikuwa nikinunua fimbo ya kwangu. Ilikuwa ya baba.

Baba alikuwa shanta, mtu wa kuunganisha mabehewa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi moja behewa lilirudi nyuma kabla hajautoa mkono, na mkono wa kulia ukakatwa chini ya kiwiko. Alipopona, kazi ikawa imekwisha. Alipewa waranti ya kusafiria kwa treni, yeye na mama, mpaka kwao magharibi karibu na ziwa, itumike kabla ya mwaka kwisha.

Mama hakutaka kwenda. Alikuwa na kibanda chake sokoni na kwaya yake kanisani, na alisema wazi kwamba hataanza maisha upya katikati ya mashemeji. Baba akasema basi, atakwenda peke yake. "Hapa mimi ni mzigo," alituambia. "Mtu asiye na kazi akae kwao." Waranti akaichomeka nyuma ya kalenda ukutani. Tangu siku hiyo kila nilipoitazama kalenda nilikuwa naiona ile karatasi, sioni tarehe. Niliogopa, sifichi. Nilimjua baba. Akienda kukaa kitako nyumbani kwa kaka yake, akiletewa chakula na maji ya kunawa mkono mmoja, hataishi muda mrefu.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko reli, nacho ni kuvua. Meneja yule alikuwa amemwaga samaki wa kwao katika bwawa la shamba, samaki wenye mdomo mpana waitwao besi, na aliruhusu yeyote mwenye fimbo avue Jumapili mradi asilete wavu. Kila Jumapili baada ya ibada baba alikwenda na mwanzi wake na kopo la minyoo. Alipotoka hospitali alijaribu mara moja tu. Mnyoo havikwi kwenye ndoana kwa mkono mmoja. Aliishika ndoana kwa meno, ikamchoma mdomo. Alirudi nyumbani na damu kidevuni, akauweka mwanzi chini akaukanyaga mpaka ukavunjika vipande vitatu.

Fimbo za meneja zilikuwa saba, zimeegemezwa ukuta wa baraza. Mpishi wake ndiye aliyekuwa muuzaji. Nilizitazama kwa jicho la stoo na sikukawia: nilichukua iliyo nene kuliko zote, na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kubwa kama kopo la mafuta ya Kimbo, na mshipi ambao ungemfunga ng'ombe. Sisi watu wa reli ndivyo tulivyolelewa, kizito ndicho kizuri. Kila kilichotukatikia kazini kilikuwa chembamba. Niliibeba begani nikapita nayo katikati ya mji, kichwa juu.

Baba aliipokea kwa mkono wa kushoto. Ncha ikaenda chini moja kwa moja, pu, mpaka sakafuni.

"Mama," akaniambia, maana nimebeba jina la mamake na hajawahi kuniita vingine, "hii ni ya baharini. Ni ya kuvuta behewa." Halafu akaigeuza rili. "Na handeli yake iko kulia." Akainua mkono wa shati uliokuwa mtupu. "Nitazungusha na nini?"

Mama aliacha kukoroga sufuria. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mwenye macho ya stoo, nilikagua kila kitu isipokuwa mtu atakayekitumia.

Nikikosea huwa sinuni, hukasirika. Kesho yake nilirudi kwa mpishi na lile gogo langu. Akaniambia kilichouzwa hakirudi. Nikamwambia sirudishi, nabadilisha, na kama hataki amwite bwana wake. Kisha nikafungua leso, nikaufunga mkono wangu wa kulia ubavuni, nikakaza fundo kwa meno.

"Sasa nipe moja moja," nikasema.

Watu walikuwa wengi pale uani, wakata mkonge na wake zao wakibishania viti na vitanda. Wakaviacha. Nilifunga nati ya reli kwenye mshipi, nati ndogo niliyokuja nayo mfukoni, nikachagua ndoo kwenye bustani ya maua iwe shabaha yangu. Fimbo ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ikanizungusha mwili mzima. Ya pili ilikuwa kavu, haipindi, nati ikaanguka karibu na miguu yangu. Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza kama nimeingiwa na pepo. Ya tatu ilinasa kwenye waridi la meneja. Mpishi akashika kichwa, lakini nikamwona anaanza kupendezwa, kwa sababu ya nne aliichagua mwenyewe.

Ilikuwa fupi na nyepesi, ukiitikisa inapinda kuanzia ncha mpaka katikati halafu inajinyoosha upesi. Mpini wake ulikuwa na mkia wa kutosha kubanwa kwapani. Rili ilining'inia chini ya fimbo, handeli kushoto, na kile kiwaya cha kuachia mshipi kilifunguka kwa kidole gumba. Nikarusha kwa kushoto. Nikaibana fimbo kwa kwapa la kulia, nikazungusha kwa ule ule mkono wa kushoto. Nati ikarudi. Nikarusha tena, na tena. Mara ya tano niliipiga ndoo, ikalia, na wakata mkonge wakapiga makofi. Mshipi wake ulikuwa mwembamba, unapenya mwanga, na moyo uliniuma kuuchukua, lakini niliuchukua.

"Minyoo je?" mpishi akaniuliza. "Atavika vipi?"

Hilo nililiwaza usiku kucha. Nikamwambia afungue sanduku la chambo bandia. Nilitaka kitu kinachofungwa mara moja tu, kisichohitaji mnyoo wala meno. Nilichukua kijiko cha shaba kisicho na mpini, chenye ndoana tatu mkiani, na kisamaki cha mti kilichopakwa rangi ya kijani. Chura wa mpira alinivutia kwa uzuri wake, lakini alikuwa ameanza kupasuka, nikamwacha. Kisha nikaona vibanio vidogo vya waya, vinafunguka kama pini ya nepi. Nikajaribu kimoja kwa gumba la kushoto. Kikafunguka, kikafunga. Hapo nikajua nimemaliza, kwa sababu baba angeweza kubadilisha chambo chake mwenyewe bila kuniita.

Nyumbani baba alikikagua kijiko pande zote mbili. "Samaki gani anakula kijiko?"

"Wa mzungu," nikamjibu.

Akacheka kidogo. Juma zima alirusha nyuma ya nyumba, akilenga karai. Majirani walipita wakiwa wameinama. Siku ya Alhamisi alivua kanga ya mama kutoka kwenye kamba ya nguo, na mama akatukana kwa furaha ambayo hata yeye hakuificha vizuri.

Jumapili nilimsindikiza bwawani. Alirusha pembeni ya matete, akazungusha, akarusha tena. Saa nzima ikapita bila kitu. Nilianza kuona waranti mbele ya macho. Halafu maji yakapasuka, fimbo ikapinda mpaka nikadhani inavunjika, na rili ikalia. Nikakimbia kumsaidia.

"Toka relini!"

Ndivyo alivyokuwa akitufokea tulipokuwa watoto, tukicheza karibu na mabehewa. Miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Yeye naye akaibana fimbo kwapani na kuanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, jicho halitoki kwenye mshipi, kama alivyokuwa akiliongoza behewa taratibu kwa lenzake. Samaki akaburutwa mpaka kwenye tope. Baba akaukanyaga mshipi, akainama, akatia gumba mdomoni mwa samaki na kumwinua. Besi mkubwa, wa kulisha nyumba. Sikumgusa, wala sikulia mbele yake.

Lakini hakusema lolote kuhusu safari, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Siku ya mwisho ya mwaka niliitoa kalenda ya zamani nitundike mpya. Nyuma yake hakukuwa na kitu. Baba hakuwapo nyumbani, na mama alikuwa sokoni. Nilikimbilia stesheni kwanza. Shanta wenzake wakasema hawajamwona. Nikatoka hapo mbio hadi bwawani, viatu mkononi.

Alikuwa ameketi penye matete, fimbo kwapani. Kando yake kopo la vifaa lilikuwa wazi, na ndani ya kopo, kile kisamaki cha kijani kilikuwa kimechomekwa kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne. Muhuri wa reli ulionekana wazi, na ndoana zilikuwa zimeutoboa.

"Baba," nikasema nikihema, "leo ndiyo siku yake ya mwisho."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Kaa chini, mama. Unafukuza samaki."