Ng'ombe Wangu Wawili wa Karatasi

Nakumbuka siku fahali alipokuja mtaa wa Majengo kutazama picha yake mwenyewe. Usicheke bado, mwanangu. Mbele utacheka vizuri zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami najifunza kuchora mabango kwa fundi mmoja hapa Mpanda. Fundi alikuwa na daftari gumu: kila kazi na ukurasa wake, jina la mwenyewe juu, rangi pembeni. Mimi nilichora kwenye vipande vya mifuko ya saruji na kuvisokomeza mfukoni. Daftari niliona ni la wazee wanaosahau. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa na kwato.

Wiki hiyo nilipewa kazi mbili za kwanza za peke yangu. Mwenye bucha wa Majengo alitaka ng'ombe ukutani, amegawanywa kwa mistari: paja, mbavu, kidari. Mzee Masanja, mfugaji wa Sitalike aliyehamia na mifugo yake kutoka kaskazini, alitaka fahali wake achorwe kwenye nyumba mpya kabla wageni wa posa ya binti yake hawajafika. Fahali yule alijulikana: mweusi, baka jeupe mgongoni kama tandiko, pembe moja imeinamia jicho. Fundi alinionya kwamba nikiharibu hata moja, narudi kwetu Litapunga kushika jembe.

Asubuhi ya kazi ya bucha nikatia mkono mfukoni, nikatoa karatasi iliyotangulia kuja mkononi, bila kukumbuka ni ya nani, nikachora. Nilichora vizuri mno, na hapo ndipo penye msiba. Kufikia saa nne fahali wa Mzee Masanja alikuwa ukutani, pembe kwenye jicho, amekatwa mistari, na kwenye paja pameandikwa PAJA.

Mfugaji haanzi na maandishi, anaanza na ngozi. Waliopita wakashika vichwa. Kesho yake majirani walijaa kwa mzee kumpa pole, wakidhani fahali amechinjwa, huku wengine wakinong'ona kwamba ameishiwa hadi ameuza fahali, na posa iko mlangoni.

Mzee hakubishana. Alimswaga fahali mwenyewe hadi mjini ili kila mtu amwone yu hai. Wakasimama wawili hao mbele ya bucha, watu wakilinganisha mabaka. Mwenye bucha alitoka na kisu, akaona, akarudi ndani kukiweka. Mimi nilijificha nyuma ya ngazi, kana kwamba ngazi ina ukuta.

"Kijana, una ng'ombe wangapi?" mzee akaniuliza, bila hasira.

"Wawili, babu. Wa karatasi."

"Mimi nina zizi zima, na akikosekana mmoja jioni namjua. Wewe wawili tu, tena hawatembei, wamekupotea?"

Watu walicheka hadi fahali akageuka. Fundi hakucheka. Alinipa daftari jipya, akamwomba mzee anichukue siku tatu nichore kila ng'ombe wake, ukurasa kwa ukurasa. Wageni wa posa walimkuta fahali ukutani kwa mzee, mzima, bila mstari. Jembe la Litapunga linanisubiri hadi leo.

Mwanangu unayechora, au kushona, au kutunga: wazo ni ng'ombe mzururaji. Mjengee zizi. Shika daftari moja, andika hiki ni cha nani na kinakwenda wapi. Usichane hata ukurasa ulioharibika. Ndama kilema naye ni wa zizi.

Mungu akupe mkono mwepesi na daftari zito, na kila unachokichora kilale kwa mwenyewe.