Titulaire alitupa mawe ya foleni, sasa anataka niseme mama wa mtoto alichelewa

Admin, nakuomba usiweke jina langu wala picha yangu, maana wengi wanaosoma hapa ni watu wa Kolwezi huku Kongo na wengine tunaonana kila asubuhi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu. Nilisomea usimamizi wa vituo vya afya, na sasa nakaa dirishani kupokea wagonjwa kwenye kituo kimoja upande wa Kapata. Serikali bado haijanipa namba ya kazi, kwa hiyo sina mshahara wake. Ninachokula mimi, mama yangu na mdogo wangu kinatoka kwa mkuu wa kituo, tunayemwita titulaire, akiamua kunikatia kitu mwisho wa mwezi.

Tangu redio itangaze kwamba hata watoto wa shule ya msingi wataonwa na daktari bure, maisha yangu yamekuwa ya kutukanwa. Zamani bure ilikuwa ya watoto wachanga na wadogo tu. Wameongeza watoto, hawakuongeza daktari. Tuko na mmoja, naye mchana anakimbilia kliniki ya mtu binafsi mjini. Dawa hazikai. Akina mama wanatoka hata kule Mutoshi na watoto wanaowaka homa, na mtu wa kwanza wa kumkasirikia ni mimi, msichana wa dirishani. "We demoiselle, bure yetu munaiuzisha wapi?" Mmoja alitema mate kwenye kioo. Waliotangaza redioni hawajawahi kukaa kwenye dirisha lile hata asubuhi moja. Nawachukia, Mungu anisamehe.

Kwa kuwa hatuna banda na jua la uani ni kali, akina mama walijitengenezea desturi. Anayefika alfajiri anaweka jiwe lake kando ya ukuta: huyu jiwe la kijani la mgodini, yule kipande cha tofali, mwingine jiwe lililofungwa kitambaa. Kisha anarudi nyumbani na mgonjwa wake, anakuja zamu ikikaribia. Jiwe lako ni wewe mwenyewe, hakuna anayeligusa. Titulaire aliipenda desturi hiyo. Yeye ndiye aliyewaambia wasikae na watoto wagonjwa juani.

Wiki iliyopita tukasikia wakubwa wa jimbo wanakuja kutazama kazi ya bure inavyoendelea. Titulaire akatoka nje, akaona mawe yamezunguka ukuta mpaka barabarani. Akarudi jasho likimtoka. "Bakubwa bakiona hii batasema shiye kazi imetushinda." Akachukua toroli, akayazoa mawe yote mwenyewe, akayamwaga nyuma ya choo. Nilimwambia, "Papa titulaire, benyewe batarudia." Akacheka. "Weye unalipwaka na mawe?" Wakubwa wakaja, wakakuta uwanja mtulivu, wakapiga picha na watoto wachache waliokuwapo, wakaenda.

Akina mama waliporudi ilikuwa vita. Kila mmoja alisema yeye ndiye wa kwanza. Kati yao alikuwako mama mmoja, nitamwita Mama Neema, mwenye mtoto wa kiume wa darasa la pili. Alfajiri nilikuwa nimemsalimia, mtoto yuko mgongoni, mkubwa hivyo, miguu inaning'inia. Jiwe lake lilikuwa karibu na mlango. Sasa wenzake walimsukuma: "Jiwe yako iko wapi? Enda kule nyuma!" Akaja kwangu, akaniita kama dada yake. "Yaya, weye uliniona asubui. Sema basi!" Nilifungua mdomo. Titulaire, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Funga dirisha." Nikafunga.

Zamu yake ilipofika, daktari alikuwa ameshakwenda mjini. Mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima palepale uani, macho yamegeuka. Walimpakia kwenye pikipiki mpaka hospitali kubwa. Yuko hai. Lakini malaria imepanda kichwani, hasemi, na mama yake akimwinamia, mtoto anamtazama kama mgeni.

Baba wa mtoto ni mchimbaji wa Mutoshi. Ndugu zake wamempa maneno kwamba mke alikuwa anauza sokoni huku mtoto anaungua. Vitu vya Mama Neema vimeshatolewa nje ya nyumba. Mkubwa wa mtaa ameita kikao Jumamosi, na mimi nimeitwa kama shahidi.

Titulaire alinifungia mlango wa ofisi yake. Hakupiga kelele. "Mwanangu, utasema alikuya saa daktari alishaenda. Ni maneno moja tu. Ukisema ingine, mutu mwingine atakaa ku ile dirisha, benye diplome bako bengi." Halafu akaongeza: "Na dirisha, ni nani aliifunga? Ni mi?"

Baba wa mtoto naye alinisubiri njiani pamoja na wenzake. "Tunajua sura yako. Ni weye ulikula zamu ya mutoto yangu." Kumbe anamlaumu mkewe na mimi pia, titulaire tu ndiye hana wa kumuuliza. Nikisema kweli, labda wataona najitetea tu. Labda watachoma kituo, na watoto wa Kapata watakosa hata kile kidogo. Mama yangu anasema, "Nyamaza. Mi sitaki mashauri na batu. Tutakula nini?"

Jana Mama Neema alikuja dirishani. Nilidhani atanitukana kama wengine, nikarudi nyuma. Akashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili, akasema polepole: "Dada, mi sikuombi dawa. Useme tu mbele ya bwana yangu kama nilikuya mapema."

Nilimwita aliyekuwa nyuma yake.

Ninyi mnaonisoma, mtakaonihurumia na mtakaonitukana, niambieni kabla ya Jumamosi. Nikiitwa kusimama pale katikati, na titulaire ananitazama, na yule mama ananitazama, nifanye nini?