Maoni ya Baba Juu ya Wakimbiaji

Mimi nilikuwa na mbio. Nasema mapema, asije mtu akadhani nitajifanya mnyenyekevu. Nilipokuwa kidato cha pili pale Bariadi hakukuwa na msichana wa kuniacha, na wavulana walionichokoza walijuta, maana walikimbia na niliwakamata. Kwa hiyo baba mdogo alipoleta ile mikanda ya wakimbiaji kwenye banda lake la video, nilijua imeletwa kwa ajili yangu, hata kama yeye mwenyewe aliinunua kwa makosa.

Alikuwa amekwenda Mwanza kutafuta filamu za ngumi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mwenye mtaji kidogo anafungua kitu: huyu duka, yule mashine ya kusaga, na baba mdogo, ambaye nilikuwa nakaa kwake ili niwe karibu na shule, akafungua video nyuma ya soko. Banda la mabati, mabenchi ndani, jenereta linanguruma nje. Muuzaji wa Mwanza alimfungia mikanda yake kwenye gazeti, naye alipoifungua hakukuta ngumi hata moja. Vilikuwa vipindi vya mfululizo juu ya wakimbiaji wa mbio fupi, wale wakubwa wa dunia: wanavyoamka, wanavyokula, wanavyofundishwa, wanavyolia wakishindwa. Vyote kwa Kiingereza. Baba mdogo alitukana mpaka jasho likamtoka, halafu akaweka mkanda kwenye deki kwa sababu watu walikuwa wameshaingia.

Watu wakaupenda! Baba mdogo hakuamini macho yake. Mimi sikushangaa. Sisi Wasukuma baada ya mavuno tunashindanisha ngoma. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, siku moja, na hakuna jaji mwenye kiti. Majaji ni watazamaji, nao wanahukumu kwa miguu: wanahama. Ukiona watu wanatoka upande wako wanamiminika kwa mwenzako, umeshindwa, kusanya ngoma zako uende nyumbani. Mtu wa kwetu akitazama mashindano hakai kimya, kwa sababu anajua kwamba maoni yake ni kazi.

Basi pale bandani yalikuwa maoni matupu. Kiingereza hakikumzuia mtu. Wakimbiaji walipopiga magoti kwenye mstari, fundi cherehani mmoja, mama mnene mwenye sauti, aliyekaa benchi la mbele kila Jumamosi, alisema hao wamelelewa vizuri, wanaamkia kwanza ndipo waanze. Picha ilipopunguzwa mwendo, mashavu yakawa yanacheza polepole, akapiga kelele: "Jamani, huyu amechoka, mpeni uji!" Mwingine nyuma akasema mapaja yale yangevuta jembe la ng'ombe bila ng'ombe. Walibishana juu ya viatu, juu ya kucha ndefu za dada mmoja aliyekimbia kama anafukuzwa na nyuki, na juu ya swali gumu kuliko yote, kwamba mtu aliyekimbia kwa muda mfupi namna ile amechokaje mpaka anaanguka.

Baba alikuja kuuona mkanda wa mwisho. Yeye aliishi Ngulyati, analima pamba, na siku hiyo alikuwa amekuja mjini na baiskeli kuninunulia daftari. Ni lazima nimweleze baba yangu. Ujanani alikuwa manju, yaani mtunzi na mwimbaji anayeongoza ngoma, na jina lake lilifika mbali. Halafu msimu mmoja watu walimhama. Alikuwa katikati ya wimbo, akaona migongo yao, mpaka akabaki na wapiga ngoma wake tu. Akanyamaza hapohapo. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na tangu nipate akili sikuwahi kumsikia akiimba hata anapochunga ng'ombe. Mama ndiye aliyetusimulia, tena kwa kunong'ona.

Katika ule mkanda wa mwisho kulikuwa na fainali. Dada mmoja akashika paja njiani, akachechemea, wenzake wakamaliza, yeye akaendelea mguu mmoja mguu nusu mpaka mwisho. Uwanja mzima wa kule kwao ukasimama. Bandani nako wakasimama, fundi cherehani analia waziwazi. Baba akasema, "Haya, huyo ndiye mshindi."

Mwalimu wetu wa michezo alikuwepo. Akamweleza kwa adabu: mshindi ni yule wa mwanzo, aliyevuka mstari.

"Mstari ni wa kugawia mashamba," baba akasema. "Watu wamesimama kwa ajili ya nani?"

Banda likacheka mpaka jenereta halikusikika. Wengine walimcheka, wengine walikubaliana naye kabisa. Mimi nilikuwa naona aibu na huku najisikia vizuri, maana hakuna mtu bandani aliyesema neno likawaingia kama baba yangu.

Hapo ndipo mwalimu akaona upenyo. Akamwambia kwamba bintiye naye ana mbio, kwamba wiki ijayo kuna mashindano ya shule pale Bariadi, na watakaoshinda watapelekwa Maswa, kule Nyalikungu, kukimbia na wa wilaya nyingine. Akaomba ruhusa yake kabisa, wazazi wengi walikuwa wakikataa dakika za mwisho.

Baba akanigeukia. "Yaya," akasema. Hapana, kwa Kisukuma, na baba akikataa kwa Kisukuma ujue amekataa na moyo wake.

Nilipandwa na hasira, nikamfuata nje kwenye baiskeli. Nikamuuliza kwa nini, kwani mimi nimekosa nini? Akafunga daftari zangu kwenye keria na mpira, bila haraka, mpaka nikatamani kumnyang'anya.

"Sikuzuii kukimbia, mwanangu. Nakuzuia kuaibika. Utakwenda kwa watu usiowajua, ukimbie, wakupe mgongo. Hujui maumivu yake."

"Nitashinda!"

"Kushinda ni watu." Akakaza mpira wa keria. "Basi tufanye hivi. Kimbia hapa kwanza, nitakuja nikutazame. Ukivuta watu, utaenda Maswa. Usipovuta, utarudi Ngulyati tukachume pamba, na maneno haya yaishe."

Nikakubali. Ningekataaje? Nilijua uwanja wa Bariadi siku ya michezo unajaa mpaka watoto wanapanda juu ya kuta. Usiku nilijiona kabisa, watu wamesimama, fundi cherehani analia.

Siku ikafika. Baba alikuja na shati lake la kanisani, akasimama peke yake karibu na mstari wa mwisho, baiskeli pembeni. Asubuhi yote walikimbia wavulana na watu walijaa. Zamu ya wasichana mita mia ilipotangazwa, nikasikia mziki mzito kutoka upande wa barabara. Likaingia lori la mnunuzi mpya wa pamba. Zamani pamba ilikuwa ya ushirika tu, hakuna aliyembembeleza mkulima. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wanagombania, na huyu alikuja na spika kubwa juu ya lori, anagawa fulana na kofia za bure. Za bure! Uwanja ulihama kama umemwagwa. Watoto, akina mama, wazee wenye fimbo, hata mwalimu mkuu wa shule moja nilimwona anakimbia, na alikimbia vizuri tu.

Tulibaki wasichana tuliopanga mstari, mwalimu mwenye filimbi, mwingine wa kupokea mwisho, na baba.

Nilitaka kulia. Mwenzangu wa kulia akauliza kama hatuwezi kusubiri. Mwalimu akasema ratiba ni ratiba. Nikapiga magoti kama wale wa kwenye mkanda, nikajisemea kwamba basi, uwanja umejaa, wamejaa mpaka juu ya kuta, na filimbi ikalia. Nilikimbia. Sijui nisemeje. Ardhi ilikuwa yangu, na hakukuwa na mtu mbele yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Yule wa pili alikuwa mbali nyuma yangu, na sisemi hivyo kumkera, anajua mwenyewe.

Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa ananitazama, uso umekauka.

"Hukuvuta mtu," akasema.

"Baba, nimekuwa wa kwanza!"

"Nimeona." Akaninyima mgongo? La, alinipa. Akaondoka, akaiacha baiskeli palepale, akavuka uwanja anaelekea barabarani. Nikajua ameenda kutafuta maji kabla ya safari, na kwamba jioni nitakuwa kwenye pamba. Nikakaa chini nikalia kwa hasira. Mwalimu akaniambia niamke, bado nina mita mia mbili. Nikamwambia mita mia mbili za nini sasa.

Mziki wa lori ukakatika. Spika ikakoroma, ikapiga mluzi, halafu ikatoka sauti ya mtu anaimba Kisukuma. Sauti pana, imekwaruza kidogo kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Sikuitambua. Nitaitambuaje, nilikuwa sijaisikia maisha yangu yote? Ila wazee waliitambua. Nikaona fimbo zinainuka kule barabarani. Alikuwa anaimba kwamba kuna ndama Ngulyati ambaye hakamatwi kwa kamba, njooni mumwone, fulana mtavaa kesho, huyu anapita leo tu. Nilisimama nikiwa na machozi na vumbi usoni. Baba yangu akashuka kwenye lori, anaimba bila spika sasa, anarudi uwanjani, na nyuma yake watu. Watu wote! Wengine wamevaa fulana mbili. Hata dereva wa lori alikuja.

Mita mia mbili nilikuwa wa tatu. Kwenye kona nilimwangalia baba badala ya njia. Lakini zile kelele, jamani! Akina mama walipiga vigelegele mpaka yule wa kwanza akadhani ni mimi niliyeshinda, akaja kunipongeza.

Mwalimu akamwendea baba, mimi pembeni nahema. Akamwambia kwamba mita mia nimefuzu, tatizo ni ruhusa tu. Baba akasema, "Nimeshasema, akivuta watu aende. Amevuta."

Hapo mdomo wangu ukanishinda, kama kawaida yake. Nikasema, "Baba, watu umewavuta wewe. Na hizi walizozitazama nimeshindwa. Zile nilizoshinda hakukuwa na mtu."

Mwalimu akanikanyaga mguu. Baba hakukasirika. Alijifuta jasho na kola ya lile shati la kanisani, akaniambia taratibu.

"Mimi watu waliponiacha, nilinyamaza katikati ya wimbo. Wimbo wenyewe mpaka leo haujaisha. Wewe hawakuwepo kabisa, na umekimbia mpaka mwisho." Akamgeukia mwalimu. "Mwandike."

Halafu akaenda kuichukua baiskeli yake. Watu walikuwa wamemzunguka wanamwomba amalizie ule wa ndama, naye akaiegemeza tena, akaanza wimbo mwingine, wa zamani, ambao wale wazee walikuwa wanaujua nusu tu.