Nilimlaza Kifudifudi ili Anyamaze

Nimekosa. Naanzia hapo, maana nimelizunguka neno hili miaka mingi mno, na padri niliyemwambia nusu yake alinipa sala za kusali akaniruhusu niende nyumbani. Nusu iliyobaki nakuambia wewe unayesoma, kwa sababu hunijui na sitakutazama usoni.

Nilimuua mtu kwa mikono iliyofundishwa kuponya. Sikushika kisu wala bunduki. Nilimlaza vibaya tu. Nilimlaza vibaya huku nikijua!

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga na Kongo, na Lubumbashi yetu ikiitwa bado Elisabethville. Nilikuwa napiga picha za radio, hizo ambazo wengine huziita eksirei, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kazi nilifundishwa na mtawa mzee wa Kibelgiji, tukimwita Masere. Mkali! Alinifundisha kichwa kwa miezi, kwa sababu kichwa ndicho kigumu kuliko vyote. Mgonjwa analala kifudifudi, paji na pua vinagusa kaseti ya filamu, kidevu kinavutwa ndani, mifuko ya mchanga inawekwa huku na huku kichwa kisicheze. Ukikosea kidogo tu, jicho moja linapanda juu ya lingine na daktari haoni kitu.

Lakini kwa mtu aliyeanguka, Masere alikuwa na sheria nyingine. Alinishika sikio siku aliponiambia: "Mtu akija amekishika kichwa chake kwa mikono yake mwenyewe, usimguse! Shingo imevunjika huyo. Mlaze chali kama alivyo, simamisha kaseti ubavuni mwa kichwa, na mashine ndiyo imfuate yeye. Yeye asiifuate mashine." Sikio liliniuma mpaka jioni. Kwa hiyo usiniambie kwamba sikujua. Nilijua.

Sasa nikueleze uongo wangu, maana kila kitu kilitoka hapo. Kazini wote walijua mimi ni mtu wa Kasenga, mtoto wa wavuvi wa Luapula. Si kweli! Baba yangu marehemu alikuwa Muluba wa kaskazini, mfanyakazi wa reli, na mama yangu mjane alikuwa Pweto, huko huko kaskazini, akiuza samaki wakavu. Siku zile vijana wa Baluba wa kaskazini walikuwa wakipigana na serikali ya Katanga. Mjini kwetu, ukijulikana kuwa Muluba, ulifukuzwa kazi, au ulipigwa, au ulibeba godoro lako ukakimbilia kambi ya wakimbizi. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nikasema Kibemba, lugha ya Kasenga, mchana na usiku, hata ndotoni nadhani.

Jamani, kuishi hivyo kunaozesha roho! Nilimshuku kila mtu. Mfagizi akiniuliza habari ya Kasenga, nilikaa siku nzima nikijiuliza nani kamtuma. Mke wangu akicheka na jirani, nilimuuliza walikuwa wanasema nini. Kutoka kwa mama sikuwa nimepata neno kwa miezi mingi. Sikujua kama yu hai, na sikuthubutu kuuliza, maana ukiuliza habari za Pweto watu wanakuuliza unamjua nani huko.

Asubuhi moja jandarme, askari wa Katanga, akaingia na mzee. Mzee alikuwa ameanguka kutoka juu ya kamyo, lori la samaki, huko kwenye kizuizi cha barabarani, dereva alipokanyaga breki ghafla. Damu imekauka kwenye paji. Daktari alikuwa ameandika kwenye karatasi: picha ya kichwa.

Mzee aliingia akitembea polepole. Na kichwa chake alikuwa amekishika kwa mikono yake miwili.

Niliona! Nilikumbuka hata sikio langu.

"We wa radio, fanya mbio," jandarme akasema, akisimama mlangoni. "Huyu anatoka ku nord, kwa Baluba. Daktari akimumaliza, minamupeleka kwa chef wa kambi." Kisha akaitazama mashine, akacheka. "Ile mashini yako inaonyesha na mawazo ya muntu?"

"Kama ingeonyeshaka, tungeisha bote," nikamjibu. Akacheka zaidi.

Mzee alikuwa ananitazama. Alinitazama usoni, kwenye masikio, kwenye mikono. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Weye uko na sura ya baba yako kabisa."

Nilimtazama jandarme. Alikuwa anawasha sigara.

"Unanikosea, baba," nikasema kwa nguvu ili nisikike hadi mlangoni. "Mie niko muntu ya Kasenga."

Mzee akatabasamu. "Eeh. Kasenga. Sawa, mwanangu."

Lile tabasamu! Leo najua alikuwa ameelewa, na alikuwa ananikubalia. Siku ile niliona mtu anayenicheka. Nikajiambia: huyu ametumwa. Wamemtoa gerezani, wamempaka damu ya mbuzi, wamemleta anijaribu, na jandarme pale mlangoni ndiye shahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikajiona mwerevu kweli.

Nikamwambia atoe kila kitu cha chuma, ndiyo sheria. Akaachia kichwa mkono mmoja, akavua shingoni kamba yenye kitu kidogo cha shaba, akaniwekea kiganjani. "Kwanza uiangalie muzuri," akasema. Sikuiangalia. Ilisemekana vijana wa kaskazini huvaa hirizi za kugeuza risasi kuwa maji, na mimi nikaona ni hirizi, mtego mwingine. Nikaitupa kwenye kisahani cha pini za nywele.

Angalia basi mikono yake. Ilikuwa inafanya kazi. Ilivua kamba, ilifungua kola ya shati. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

"Mwanangu, singo yangu iko inauma sana," akasema. "Usiniinamishe, pole pole." Halafu akanisogezea mdomo karibu. "Ku Pweto..."

Jandarme akainua kichwa aliposikia Pweto.

Sikumwacha mzee amalize. Nilimkamata mabega, nikamgeuza juu ya meza, nikamlaza kifudifudi, nikamsukuma paji na pua kwenye kaseti. Mtu aliyelala hivyo hawezi kusema, mdomo umebanwa. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine! Nikaweka kiganja kisogoni, nikakisukuma kidevu chake ndani, kwa nguvu, kwa hasira, kwa hofu. Nilisikia kitu kikilia, kidogo tu, kama kijiti kikavu chini ya kiatu.

Kutoka chini ya kiganja changu sauti ikasema: "Mikono yangu iko wapi?"

Nami nikafanya nini? Nikamwambia usivute pumzi, nikaenda nyuma ya ukuta, nikapiga picha.

Picha ilitoka nzuri, ole wangu! Masere angeitundika ukutani. Macho sawa kwa sawa, pua katikati, na fuvu zima lisilo na ufa hata mmoja.

Daktari alipokuja na kuona mzee hasogezi mikono wala miguu, aliniuliza swali moja. "Alipoingia, alikuwa anatumia mikono yake?" Nikamtazama daktari machoni, nikasema hapana. Jandarme alikuwa pale, anatazama mlango, amechoka kusimama.

Siku mbili sikupita karibu na wodi ya wanaume. Unadhani ilikuwa aibu? Ingekuwa aibu ningekuwa mtu. Nilikuwa bado namshuku! Nilikaa katika chumba changu cha picha nikingoja wanijie, kwa sababu mzee mdomo wake ulikuwa bado unafanya kazi. Kila kiatu kwenye korido nilijua ni cha askari. Nyumbani nilimwambia mke wangu afunge nguo za watoto. Alifunga, akikunja hata zile zilizokuwa bado na maji.

Siku ya tatu nikaona afadhali nijue. Nikaenda wodini nikijifanya natafuta karatasi. Jandarme alikuwa ameinama juu ya kitanda cha mzee, ananipa mgongo.

"Ule wa radio," alikuwa anamwambia, "ulimuambia iko na sura ya baba yake. Banasema banasema huku, iko Muluba. Unamuyua ao haumuyue? Ukisema kweli, minakuacha."

Mzee alikuwa ameshaniona juu ya bega la jandarme. Macho yake yalikaa kwangu muda mrefu. Pumzi zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo.

"Simuyue," akasema. "Nilijikosea. Macho ya wazee."

Jandarme akasonya, akaondoka, akanipita mlangoni bila hata kunitazama.

Nikamkaribia mzee. Yeye ndiye aliyesema, na ilibidi niweke sikio karibu na midomo yake. "Mie niko Ngoy. Tulitumika na baba yako ku reli. Mama yako iko muzima. Alinituma nikuambie ile tu, iko muzima, usilie usiku." Akapumzika. "Kifungo, uliiangalia? Ni yeye alinipa, juu usiniogope."

Nilikimbia. Nilimwaga kisahani juu ya meza, pini zikatawanyika sakafuni. Haikuwa hirizi. Kilikuwa kifungo cha shaba cha koti la reli la baba yangu, kimebonyea upande mmoja pale nilipokigonga kwa jiwe nilipokuwa mdogo, baba akanichapa. Mama alijua siku zile hakuna anayemwamini mtu. Ndiyo maana alimpa mjumbe wake kitu ambacho ni mimi peke yangu duniani ningekitambua. Na kilikuwa kiganjani mwangu!

Niliporudi baba Ngoy alikuwa amelala. Alfajiri ya kesho yake alikufa. Shingo, wakaandika, kwa kuanguka kwenye kamyo.

Kujitenga kulipokwisha nilienda Pweto. Mama alikuwa amezeeka lakini alinitambua kabla sijashuka kwenye kamyo. Hata maji hajanipa, akaniuliza: "Baba yako Ngoy alikufikia? Hakurudiaka huku." Nikasema alinifikia, akafa huko kwa ajali. Akalia. Kisha akafuta macho, akaniuliza: "Ulimuaminia?"

"Nilimuaminia, mama."

Akanishika mkono akasema Mungu asifiwe, basi ile kifungo ilisaidia. Alikufa miaka mingi baadaye akiwa bado anaamini hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mara tatu, mbele ya mzee, mbele ya daktari, mbele ya mama.

Kichwa cha mtu sikukilaza tena. Niliomba kazi ya ghala la dawa, wakasema nimeanza kuzeeka mapema. Kifungo ninacho. Wajukuu wakikiuliza nawaambia ni cha babu wa reli, wanaishia hapo.

Nawe unayesoma, nisikie. Nyakati kama zile hurudi, zinabadilisha jina tu. Watakuambia huyu wa kule, yule wa huku, angalia, jihadhari, na woga wako utaona hila hata kwa mtu aliyebeba salamu. Mtu akikuambia, ninaumwa hapa, msadiki kwanza. Kumshuku kutangoja. Shingo haingoji.