Rangi zilirudia na courant

Bandugu, leo nimeona rangi zinaingia mu mashini pamoja na kelele ya quartier.

Tangu asubui quartier yetu, Hewa Bora, haina courant, umeme ulikatika. Niko natumika ku ordinateur na batri, naandika programu, code yote iko nyeusi na nyeupe.

Nafungua config ya éditeur, kwenye naandikia code, nabadirisha thème, rangi zake. Hakuna kintu. Naweka ingine. Hakuna.

Naita yaya Solange, dada yangu mukubwa, juu mashini iko yetu bote wawili.
"Yaya, ulifanya nini humu?"
"Niliandika mustari moja: courant ikikatika, éditeur itoshe rangi, ibakie nyeusi na nyeupe, batri ikawie kuisha. Ngoja tu."

Pale pale courant ikarudia, quartier yote ikalia "Ooooh".

Kijani, bleu, orange, zikaingia mustari kwa mustari. Mikono yangu ilikuwa ku kichwa, sikugusa kintu.



Ule mustari sitautosha tena. Ni miye peke yangu mu Lubumbashi niko nangojea coupure ya courant ya kesho?