Kiti cha Mbwa

Mbwa aliyelowa mvua ana harufu yake, na harufu hiyo mimi naijua tangu sijang'oa meno ya utoto. Ilinijia tena vuli hii, ndani ya mkahawa mmoja hapa Stockholm, mahali pa mishumaa na vitambaa vyeupe, mvua inapiga vioo. Niwataje waliokuwepo, maana shule niliishia darasa la pili lakini jina la mtu halinipotei. Alikuwepo binti yangu Rukia, ninayeishi naye Hallunda, ambaye kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao yao. Alikuwepo mwanawe Maimuna, mjukuu wangu wa pekee, anayefanya kazi kwenye ofisi za kompyuta kule Kista, naye ndiye aliyetualika. Alikuwepo jirani yetu Mama Gloriose, Mrundi, mtu wa kanisa, ambaye chai yake naijua kuliko yangu. Na wa tano alikuwa Bulle, mbwa wa Maimuna, rangi ya andazi, aliyepewa jina la mkate mtamu wa huku. Nasema wa tano kwa sababu wenyewe walimhesabu. Kijana wa mkahawa alipokuja, kabla hajauliza sisi tutakunywa nini, aliinama akamwekea Bulle bakuli la maji na kumwamkia kwa jina.

Mama Gloriose akacheka mpaka akajishika mbavu, akaniambia: "Bibi Tatu weh! Wacha na mimi nibweke kidogo, labda chai itakuja." Tukacheka wote, hata mimi. Ndipo Bulle akaingia chini ya meza na kuweka kidevu chake kilicholowa juu ya kiatu changu, na ile harufu ikapanda. Wakati huohuo Maimuna anatueleza kwa furaha safari aliyoipanga: likizo ijayo twende sote kwa gari mpaka kaskazini, hoteli ameshapata inayopokea mbwa. "Na wewe, Mormor," akaniambia, kwani ndivyo anavyoniita, mama wa mama, "utakaa kiti cha nyuma na Bulle." Sijui mkono wangu uliondokaje. Nilipiga meza, kijiko kikaruka, watu wakageuka. Nikasema mimi sikai kiti cha mbwa, si leo wala si siku ya kuzikwa. Maimuna akajibu kwa Kiswidi kama afanyavyo akiumia, kwamba Bulle hajafanya kitu. Rukia akamwinamia mwanawe: "Muache bibi yako. Ni ile habari ya Mjomba Musa. Mzungu alimnyima gari akampakia mbwa." Hiyo ndiyo hadithi ya ukoo wetu, imesimuliwa arusini na matangani, kila mtu anaijua. Na ni nusu. Nusu ya pili ninayo mimi, na leo naitoa, kwa sababu wote walioijua wamekwisha kuzikwa na mimi hasira imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilizaliwa katika kambi ya wakata mkonge upande wa Korogwe, kabla bendera haijabadilika. Aliyelelewa karibu na korona, mashine ile ya kusaga majani ya mkonge, hahitaji kuelezwa: inavuma tangu alfajiri, na maji yake ya kijani yananuka uchachu unaoingia mpaka ndani ya uji. Baba yangu, Salehe, alikuwa mkataji, na masika yale alipelekwa sehemu ya mbali ya shamba, tukawa hatumwoni ila mwisho wa juma. Nyumbani tulibaki mama yangu Mwanaidi, mimi, mdogo wangu Musa, na babu mzaa baba, Mwalimu Mbaruku, aliyefundisha watoto wa kambi nzima Kurani barazani petu. Babu alikuwa mtu wa kuogopwa na wanyapara. Akipita, hata wacheza kamari huficha karata. Kuhusu mbwa hakuwa na mzaha: mbwa akikugusa na mate yake, unaosha mara saba, mara moja kwa udongo, na yeye mwenyewe anakusimamia. Nimeoshwa hivyo si mara haba, nikitetemeka kando ya karai, kwa kosa la kupita karibu na nyumba ya meneja.

Meneja tulimwita Bwana Kiko kwa sababu ya kiko chake. Mbwa wake aliitwa Tobi, mkubwa, masikio yameanguka, na sisi wa kambini tulimwita Bwana Mdogo. Kila Alhamisi Bwana Kiko alikwenda mjini kula hotelini, na Tobi alikwenda naye, amekaa peke yake kiti cha nyuma cha Landrova juu ya blanketi la sufu, kichwa nje ya dirisha, anapunga upepo kama mkaguzi. Dereva alikuwa Saidi, binamu ya mama, mtu wa maneno. Alitusimulia kwamba hotelini Tobi huingia kwa mlango wa mbele na kuwekewa nyama kwenye sahani ya udongo wa Kizungu, huku yeye Saidi akila muhogo wake ndani ya gari. "Ninayeendesha ni mimi," alisema, "lakini mgeni wa hoteli ni Bwana Mdogo. Mimi nikichungulia mlangoni nafukuzwa mbio, yeye akichungulia anaongezwa mchuzi." Musa, aliyekuwa na miaka minne na maswali ya mzee, hakuchoka na habari hizo. Gari likipita alikimbia pembeni na kitovu chake nje akipiga kelele, "Bwana Mdogo anakwenda kula!" Kisha anamuuliza Saidi kesho yake, "Mjomba, mbwa akifika anaagizaje?" Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini mwenye njaa anamjua mwenye shibe mpaka jina la blanketi lake.

Masika yale yalikuwa ya kulaaniwa. Barabara za shamba ziligeuka uji, lori la wagonjwa likazama topeni mpaka kwenye taa, na gari pekee lililoweza kutembea likawa lile la Bwana Kiko. Ndipo Musa akashikwa na homa. Ilianza kwa kukataa chakula, ikaja ya kutetemeka, mara macho yakapanda juu na mwili ukakakamaa. Degedege, walisema wanawake. Dawa ya zahanati ya kambi aliitapika. Aliyekuwa akigawa dawa akamwambia mama waziwazi: huyu ni wa hospitali, na ni leo. Leo ilikuwa Alhamisi. Mama yangu akafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nauma kidole. Alidhani Mzungu akiona mtoto mchafu atamkataa, basi akachemsha maji, akamwogesha Musa na homa yake, akampaka mafuta ya nazi, akamchana nywele, akamvisha kanzu yake ya Idi. Nyeupe, mpya, imetarizwa shingoni. Akambeba mpaka kwa meneja kana kwamba anampeleka arusini. Mimi nikafuata nimeshika upindo wa kanga yake, na Babu nyuma yetu na fimbo yake.

Gari lilikuwa linanguruma. Tobi alikuwa ameshapanda, ametoka kuogelea mtoni, manyoya yanadondosha maji, blanketi lote limelowa. Ndiyo harufu yenyewe. Mama akapiga magoti kwenye tope na kusema. Bwana Kiko akamtazama Musa, akatikisa kichwa, akasema mgonjwa atatapika ndani ya gari. Saidi akashuka kwenye usukani, kofia mkononi: "Bwana, kwa leo tu, Tobi abaki na mpishi. Huyu mtoto ni damu yangu." Na yule mtu akajibu, kwa Kiswahili chao cha jikoni, maneno ambayo nitakwenda nayo kaburini: "Hapana. Tobi nakula hoteli kila Alhamisi. Nazoea." Amezoea! Mbwa ana mazoea. Mtoto anayekakamaa mikononi mwa mama yake hana mazoea, basi angoje. Wala hakusema kwa ukali, na hilo ndilo linaloniwasha. Alisema taratibu, kama mtu anayekueleza jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelijua.

Hapo ndipo hadithi ya ukoo inapokatwa, gari linaondoka, watu wanasonya. Lakini gari halikuondoka. Saidi hakuvaa kofia yake, alisimama palepale mbele ya boneti mvua ikimnyeshea. Bwana Kiko akatazama saa, akachoka kumngoja, akasema, "Haya. Mama na toto kaa nyuma. Mbwa kaa palepale." Nilisikia kwa masikio yangu. Saidi akafungua mlango wa nyuma haraka kabla neno halijarudi. Kiti kilikuwa kirefu. Tobi mwenyewe alisogea, wallahi alisogea, akawapisha. Mama alikwisha kuinua mguu, unyayo wake uko juu ya kidato cha gari, tope linachuruzika, Musa begani katika kanzu yake nyeupe. Na Babu akanyoosha fimbo akaizuia njia.

"Mjukuu wangu hapakatwi na mbwa."

Saidi akadhani ni mzaha. "Mwalimu, nguo zitafuliwa. Si umetufundisha mwenyewe? Mara saba, yakaisha."

"Nguo zitafuliwa," Babu akasema. "Na ulimi wa watu utafuliwa na nani? Waseme kijukuu cha Mwalimu Mbaruku kimekwenda mjini kimelala na mbwa, kimepewa nafasi iliyosazwa na mbwa? Shuka, Mwanaidi. Lori litatoka topeni kesho."

Mama akasema neno moja tu: "Baba." Baba mkwe hajibiwi. Mume hayupo, na mke wa mtu hana kauli mbele ya mzaa mume wake. Nilimwona akitazama ule mguu wake kama si wake. Kisha akaushusha. Bwana Kiko akapandisha mabega yake na kusema neno kwa lugha yao, mlango ukafungwa, na kwenye kioo cha nyuma nikaona uso wa Tobi unatutazama mpaka kona. Lori lilitoka topeni, ndiyo. Lilipotoka, Musa alikwisha kuoshwa na kusaliwa, na kanzu ile ya Idi ilikuwa inaning'inia kambani. Matangani watu waliuliza, na Babu akajibu, "Mzungu alimpenda mbwa wake zaidi." Mama alikuwa palepale, kichwa kimeinama, hakusema. Mimi nilipofungua mdomo alinifinya paja. Baba alipokuja alielezwa hayo hayo, akaapa kumchoma Bwana Kiko nyumba, akashikwa na wenzake. Saidi aliacha kazi, akaenda zake Mombasa. Hakuaga. Na mama aliishi na ule uongo mpaka uzee wake, akimpikia aliyeutunga, akimtilia maji ya kutawadha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimekuwa nikimchukia Bwana Kiko maisha yangu yote, na sijapunguza. Mtu aliyeweza kumwacha mbwa nyumbani siku moja na hakumwacha, sina la kumsamehe. Lakini kwake nilikuwa na ruhusa ya kukasirika, nilisaidiwa hata na majirani. Kwa Babu sikuwa nayo. Mkubwa hakosolewi, maiti hasemwi. Nimesikia hapa Stockholm masheikh wakieleza kwamba dharura hufungua kilichofungwa, na mtoto yeyote wa madrasa anaweza kukusomea. Babu alikuwa mwalimu wa madrasa. Usiniambie hakujua.

Ile jioni ya mkahawa Rukia alitaka kuniitia teksi, Maimuna akasema atamweka Bulle nyuma kabisa kwenye mizigo, huku anafuta machozi. Nikasema Bulle akae kitini. Nikaingia kiti cha nyuma, Mama Gloriose upande mmoja, Bulle katikati, naye mjinga wa Mungu akalaza kichwa chake chote juu ya mapaja yangu, amelowa, ananuka, akalala mpaka Hallunda. Njiani ndipo nilipowaambia. Rukia alikuwa anaendesha, akawasha taa za kuegesha akasimama kando ya barabara. Maimuna akauliza swali moja tu, kwa Kiswahili safari hii: "Kwa hiyo kiti kilikuwepo?" Nikamwambia kilikuwepo. Mama Gloriose akanishika mkono na hakutania.

Mjukuu wangu ana gari, ana mbwa mwenye daktari wake, na treni za huku zina mahali pa mbwa na mahali pa wasiopatana nao, na mtoto akishikwa na degedege hapa Hallunda gari la wagonjwa litakuja hata kama baba mkwe amelala mlangoni. Nafurahi kwa hilo na nakasirika kwa hilo. Siku ya pili yake nililichukua gauni nililovaa jioni ile, alilolilalia Bulle, nikalifua kama nilivyofundishwa: maji mara sita, na mara moja udongo, ambao niliuchota kwenye chungu cha maua cha Rukia pale roshani. Likatakata. Chai niliyoitenga ilikuwa bado ina moto nilipomaliza kulianika. Kazi ndogo kiasi hicho! Nilikaa kwenye kiti cha roshani nikalia kwa hasira, kwa udogo wa ile kazi.

Basi nyie mnaosoma, kama kuna mliotoka kambi ile, au wazazi wenu walitoka huko, na mimi nimekosea, nikosoeni. Pengine blanketi halikuwa la sufu. Pengine aliyegawa dawa, ambaye sikumtaja, hakuitwa Hamza kama ninavyokumbuka. Pengine Saidi alikwenda Moshi, si Mombasa. Nitapokea. Lakini mlango ulikuwa wazi, mguu wa mama ulikuwa juu ya kidato, na mbwa alikuwa ameshasogea. Hapo msinikosoe.